Chiriku na Kopo la Vibanio

Kufika nyumba ya Dobi, huna haja ya kuelekezwa. Unafuata harufu ya sabuni mpaka mlangoni. Saa kumi na mbili asubuhi moto umeshawaka uani, na sufuria kubwa la maji linatoa mvuke. Dobi anafua. Mke wake anapiga pasi katika chumba cha mbele, juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Mama yake Dobi, ambaye sote tunamwita Bibi, anakaa kwenye kigoda karibu na kamba za kuanikia. Yeye ndiye anayepokea nguo za watu, na ndiye anayezikabidhi zikishakuwa tayari. Halafu yuko Chiriku.

Chiriku si jina lake halisi. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini tangu aanze kusema hajanyamaza, na jina la ndege ndilo lililomganda. Wakati wa hadithi hii alikuwa na miaka minne na nusu.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Kila Ijumaa mchana napeleka kwa Dobi aproni za watoto wangu na mashuka madogo wanayolalia. Ni watoto ishirini na watatu, na kila mmoja ana rangi, gundi na matope yake. Kwa hiyo Dobi na mimi tunajuana sana.

Ijumaa moja nilipofika, nilimkuta kinyozi wa mtaa ule ameleta taulo zake. Dobi aliponiona alifuta povu mikononi haraka haraka.

"Mwalimu, usikae kwanza," akasema. "Leo kuna kitu nataka usikie. Chiriku, njoo umsomee Mwalimu."

Chiriku akaja mbio. Akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka mikono nyuma, akavuta pumzi.

"Moja mbili tatu nne tano sita saba..."

Hakusimama kumi. Hakusimama ishirini. Alipofika hamsini alimeza mate, akaendelea. Alifika mia moja jasho likimtoka puani. Kinyozi alipiga makofi, na mimi nikapiga, tena kwa moyo wote. Kuyashika kichwani maneno mengi kiasi kile, kwa mpangilio, si kazi ndogo kwa mtoto wa umri ule. Kuna watu wazima hawakumbuki walipoweka funguo.

"Nimemfundisha mwenyewe," akasema Dobi. Kichwa kilikuwa kimemvimba. "Bado miezi miwili aje kwako. Nilitaka aje akiwa anajua."

"Hongera, Chiriku," nikasema. "Na wewe hongera, Baba Chiriku."

Mfuko wangu wa nguo ulikuwa wazi mdomo. Nikamwambia mtoto, bila nia yoyote mbaya, "Hebu niletee vibanio vinne, nibane mfuko huu."

Chiriku akakimbia mpaka kwenye kamba. Akarudi amevikumbatia vibanio kifuani, vingine vinamdondoka njiani. Vilikuwa kama kumi na tano hivi.

"Ndivyo hivi," akasema, macho yanang'aa.

Kinyozi akacheka. Dobi naye akacheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi.

"Mwalimu amesema vinne," akamwambia. "Vinne. Hesabu."

Chiriku akavimwaga chini. Akaanza, "Moja mbili tatu nne tano sita," huku kidole chake kikipita juu ya vibanio kwa kasi. Vingine kilivipitia mara mbili, vingine hakikuvigusa kabisa. Alifika thelathini na mbili kabla baba yake hajamkatiza.

"Unafanya makusudi?"

"Hapana, Baba."

"Mia moja unajua, vinne huvijui?"

Mdomo wa chini wa Chiriku ukaanza kutetemeka. Kinyozi alijitia hamnazo, akatazama angani. Mimi nilipaswa kusema neno pale pale. Nilisema moja tu, tena kwa sauti ndogo: "Usimkimbize, bado mdogo." Kisha nikaondoka. Mpaka leo naliona kosa langu.

Dobi alinifuata mpaka barabarani.

"Mwalimu, nikwambie ukweli," akasema. "Mimi shuleni nilipewa jina. Niliwahi kupata sifuri ya hesabu, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Kuanzia siku ile nikaitwa Sifuri. Uwanjani Sifuri, njiani Sifuri. Darasa la nne nikaacha, nikaja kufua na mama yangu. Sitaki mtoto wangu apitie hayo. Nitamfikisha mia mbili kabla hajaja kwako. Na ule mchezo wake wa vibanio na bibi yake, nimeupiga marufuku. Unampotezea muda."

Simlaumu Dobi. Alikuwa baba mwenye hofu, na hofu ile alikuwa nayo tangu utotoni. Lakini dawa aliyoichagua ndiyo iliyozidisha ugonjwa.

Ijumaa iliyofuata Chiriku alikuwa chumba cha mbele, amekaa kwenye kiti kinachotazama ukuta. Mama yake alikuwa anapiga pasi na kumsikiliza. "Mia moja na kumi na tisa," mtoto alisema, akakwama. Akarudi mwanzo.

Ijumaa ya pili yake sikumwona kabisa.

"Chiriku yuko wapi leo?" nikamuuliza mama yake.

Mama Chiriku aliinua pasi, akaiweka pembeni. Kwa kidole akanionyesha tenga kubwa la nguo chafu lililokuwa kwenye kona. Shuka la juu lilikuwa linapanda na kushuka taratibu.

"Akisikia mteja anaingia, anajificha humo," akaninong'oneza. "Anaogopa ataambiwa ahesabu. Na jana, Mwalimu, kaniambia neno limenitoa machozi. Kasema shule hataki kwenda. Kasema shuleni watajua kuwa yeye ni mjinga."

"Baba yake anajua?"

"Anajua. Anasema akifika mia mbili hofu itamtoka." Akatikisa kichwa. "Huyo ni mume wangu na nampenda, lakini akishika jambo utadhani kalishonea mfukoni."

Nilirudi nyumbani roho inaniuma. Mtoto aliyekuwa haachi kusema sasa amejifunika nguo chafu za watu. Tena alikuwa ananikimbia mimi, mwalimu wake wa kesho. Nikaamua kwamba sitangoja Ijumaa.

Jumatano mchana, watoto wangu walipokwenda kwao, nilikwenda kwa Dobi bila mfuko wowote. Dobi alikuwa ametoka kupeleka mashuka kwenye nyumba ya wageni. Nikapita moja kwa moja uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja mikono mitupu. Watoto wako wamejifunza usafi?"

"Wakijifunza usafi nyinyi mtakula nini?" nikamwambia, naye akacheka.

Nikavuta kigoda kingine. Mbele ya Bibi palikuwa na makopo matupu ya rangi, kama saba au nane, yamepangwa mstari. Kila kopo lilifungwa kipande cha kitambaa kwenye mpini. Chekundu, cha maua, cha mistari. Ndani yake mlikuwa na vibanio vya nguo. Miaka yote niliyopeleka nguo pale, nilidhani ni makopo ya kutunzia vibanio tu.

"Bibi, kwa nini hukuviweka vyote kwenye kopo moja?"

"Sasa nitajuaje nguo za nani ni zipi?" akajibu, kana kwamba nimeuliza kwa nini mlango una bawaba. "Hili la mistari ni la kinyozi. Akileta taulo zake, kila taulo moja natia kibanio kimoja. Taulo, kibanio. Taulo, kibanio. Zikishafuliwa na kukauka, kila taulo inayotoka inachukua kibanio chake. Kopo likibaki tupu, taulo zote zimerudi. Kikibaki kibanio, kuna ya mtu imebaki humu ndani, na hatulali mpaka ionekane."

"Na wewe unaandika mahali?"

"Kalamu sijawahi kushika, Mwalimu. Hesabu mimi sijui. Najua kopo."

Nilimtazama yule mama mzee. Alikuwa ananyoosha vidole vyake vilivyokomaa kwa maji ya miaka mingi. Nikajisikia mdogo. Mimi nilisomea ualimu wa watoto wadogo miaka miwili. Nilifundishwa kwamba msingi wa hesabu ni kuoanisha kitu kimoja na kimoja, na nililiandika jambo hilo kwenye mtihani. Bibi analifanya kila siku ya Mungu, halafu anasema hesabu hajui.

"Zamani Chiriku ndiye alikuwa anatia vibanio," akaendelea. "Vidole vyangu siku hizi vinauma. Baba yake kamkataza." Akapunguza sauti. "Akitoka, mimi namwita."

Kumbe Chiriku alikuwa nyuma ya mlango wa uani, anachungulia kwa jicho moja.

"Njoo, mjukuu wangu. Mwalimu hakuulizi kitu," akasema Bibi. "Kinyozi anakuja saa kumi. Nisaidie."

Nikageuza uso, nikajifanya natazama kamba. Chiriku akatoka taratibu. Akachuchumaa kando ya kopo la mistari. Bibi akawa anakunja taulo na kumpa. Chiriku akaiweka taulo kwenye rundo, akatoa kibanio kimoja, akakitupa kwenye beseni. Taulo, kibanio. Hakuruka hata moja. Hakuchukua viwili. Kidole kilichopita juu ya vibanio kwa kasi siku ile, leo kilikuwa kimetulia kama cha fundi saa.

Taulo zikaisha. Chiriku akachungulia ndani ya kopo.

"Bibi, kuna taulo haijaja," akasema.

"Una hakika?"

"Kibanio chake kiko hapa."

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Hakungoja kuambiwa. Aliinuka akaenda kwenye foronya za nyumba ya wageni zilizokuwa zimeanikwa, akaanza kutia mkono ndani ya moja moja. Kwenye ya tatu akavuta taulo ndogo nyeupe, imejikunja ndani kabisa.

"Foronya zinameza nguo," akanieleza, akiwa amesahau kwamba ananiogopa. "Zikiwa kwenye maji zinafungua mdomo."

Nikashindwa kujizuia. "Chiriku, wewe unajua hesabu."

Akaangalia chini. "Sijui. Sikufika mia mbili."

Nikashuka kwenye kigoda, nikakaa chini kwenye saruji pamoja naye. Nikaweka taulo tatu mbele yetu.

"Tufanye mchezo," nikamwambia. "Kila taulo ina jina lake la leo. Ukiigusa, unaitaja, unaisogeza huku. Usitaje nyingine mpaka hii imeshasogea."

Akagusa ya kwanza, akaisogeza. "Moja." Ya pili. "Mbili." Ya tatu. "Tatu."

"Ziko ngapi zote?"

Akanitazama, akaanza tena kuzigusa. "Moja, mbili, tatu."

"Ndiyo. Sasa ziko ngapi?"

Akaanza tena mara ya tatu. Sikumkatiza. Watoto wengi hupita hapo, na hakuna ubaya. Alikuwa hajajua bado kwamba neno la mwisho ndilo linalojibu swali. Alipomaliza, nilizungusha mkono wangu kuzikumbatia zote na kusema, "Tatu. Taulo tatu. Mpelekee Mama taulo tatu." Akazibeba, akaenda. Tukamsikia chumba cha mbele akisema, "Mama, taulo tatu."

Pale pale mlango wa uani ukafunguka. Dobi alikuwa amerudi. Aliona makopo, akaona beseni la vibanio, akamwona mama yake.

"Mama, si tulikubaliana?" akasema. "Mtoto anatakiwa asome. Huu mchezo utamfikisha wapi?"

Bibi akakunja mikono. "Muulize Mwalimu. Ndiye aliyekaa chini."

Nikasimama nikakung'uta sketi.

"Baba Chiriku, nilikosa kukwambia mapema, nisamehe," nikasema. "Mtoto wako hana tatizo. Anayakumbuka majina ya namba mpaka mia moja. Lakini kujua majina ya watu wa mtaa mzima si kuwajua watu wenyewe. Chiriku amepewa majina mia moja, hajakutanishwa na wenyewe. Ndiyo maana nilipomwomba vibanio vinne, alileta vya kukumbatia. Hakufanya makusudi. Kwake 'nne' ni neno linalokuja baada ya 'tatu', basi."

"Kwa hiyo nimempoteza?"

"Hujampoteza. Maneno hayo atayahitaji, na umempa mapema. Sasa ayatumie kwenye vitu anavyovishika. Soksi mbili, taulo tatu. Kidogo kidogo."

Dobi hakuridhika. Alikaa shingo upande. "Shuleni kwenu hawatamuuliza soksi. Watamuuliza tano na tano."

"Na atajibu, kama tano ameishika mikononi. Hebu nikuulize wewe. Lile shuka kubwa la nyumba ya wageni, unalikunjaje ili liingie kwenye rafu?"

"Nalikunja nusu, halafu nusu tena, halafu nusu tena."

"Likifika hapo linakuwa tabaka ngapi?"

Alifunga macho kidogo. Mikono yake ikasogea hewani kana kwamba imeshika shuka. "Nane."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nakunja tu."

"Na ndoo ile kubwa, inajaa kwa majagi mangapi?"

"Kumi na mbili. Ukiwa na haraka, tia kumi na moja, maji yasimwagike ukibeba."

"Na vitanda sita vya nyumba ya wageni, foronya ngapi?"

"Kumi na mbili. Kila kitanda mbili." Alijibu kabla sijafunga mdomo.

"Nyumba hii imewahi kupoteza nguo ya mtu?" nikamuuliza.

"Tangu nizaliwe, hapana. Mama hawezi kukubali."

Akageuka akamtazama Bibi. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeona dirisha katika chumba alichokaa miaka yote. Alikuwa amebeba jina la Sifuri zaidi ya miaka ishirini. Na miaka hiyohiyo mikono yake ilikuwa inagawa, inazidisha, inapima, wala hakosei.

"Mama," akasema. "Kumbe hesabu zote hizi umenifundisha wewe."

"Mimi nilikufundisha kufua," akajibu Bibi. "Sasa acha kusimama hapo, kinyozi anakuja."

Mama Chiriku alikuwa mlangoni na taulo tatu mkononi. Alicheka mpaka akashika mbavu, lakini niliona anafuta macho.

Tangu siku ile, kiti kilichotazama ukuta kilirudishwa mezani. Dobi alitaka nimwandikie ratiba. Nikamwambia hakuna ratiba, kazi za nyumbani zinatosha. Nguo hazikosekani pale, na kila siku kuna la kufanya.

Asubuhi Chiriku alitenganisha nguo: nyeupe huku, za rangi kule. Kisha kubwa na ndogo. Kazi hiyo, ya kujua kipi kinafanana na kipi na kipi si sawa na kingine, ni hesabu kabla ya namba. Mchana alioanisha soksi. Siku moja soksi moja ilibaki peke yake, akazunguka nayo nyumba nzima akiitafutia mwenzake, mpaka akataka kumvua kinyozi yake.

Wakati wa kula alipanga vikombe. Mama yake hakumwambia "leta vinne." Alimwambia, "Leta vya kututosha sote." Chiriku akaweka kimoja mbele ya kila mtu akitaja: cha Bibi, cha Baba, cha Mama, changu. Siku nilipokaa kula nao, alisimama akatutazama mmoja mmoja. "Leo na kingine kimoja," akasema. "Vitano." Sikuwa nimemuuliza kitu. Nilikula chakula kile kwa furaha isiyo na kifani.

Bibi naye alimpa shati lenye vifungo na kumuuliza, "Kifungo kipi cha kwanza kutoka juu? Kipi cha mwisho?" Baba yake alimpa jagi dogo na jagi kubwa, wakajaza beseni kwa moja, kisha kwa jingine. "Kwa nini kwa jagi dogo tumechota mara nyingi zaidi?" alimuuliza. Chiriku alifikiri mpaka akakunja uso. "Kwa sababu lina tumbo dogo," akasema. Dobi alinisimulia jambo hilo mara tatu siku hiyohiyo, na kila mara beseni lilizidi kuwa kubwa.

Nisitie chumvi. Dobi hakubadilika kwa kufumba na kufumbua. Kuna siku Chiriku alihesabu soksi saba akapata nane, na baba yake akafungua kinywa kukaripia. Mke wake akakohoa. Dobi akakifunga kinywa, akasema kwa shida, "Hebu tuziguse pamoja." Walipozigusa Chiriku mwenyewe akasema, "Hii niliitaja mara mbili." Akalirekebisha kosa lake, wala hakulia. Dobi alikuja kuniambia kwamba siku ile ndiyo aliyojifunza yeye. Mtoto asipoogopa kukosea, husahihisha mwenyewe.

Na kujificha kwenye tenga kulikwisha. Hakuna aliyemkataza. Ila siku moja kinyozi aliingia, na Chiriku akabaki pale pale kwenye kopo lake, akamwambia, "Shikamoo. Leo umeleta taulo nyingi kuliko juzi."

Miezi miwili ikafika. Asubuhi ya kwanza ya chekechea, Dobi alimleta mwenyewe, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka linasimama peke yake. Mtoto aliingia ndani bila kugeuka nyuma. Baba ndiye aliyeshindwa kuondoka. Alikaa kwenye benchi la nje chini ya dirisha, na wazazi wengine wawili watatu wenye ugonjwa kama wake.

Saa nne nilitaka kuwagawia watoto maji. Wapya na wa zamani wote walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimepanga vikombe kwenye sinia, nikauliza nani atanisaidia kugawa. Chiriku alishanyanyuka. Alishika kikombe kimoja, akampa mtoto mmoja, akarudi kuchukua kingine. Hakufanya haraka, hakuruka mtu. Watoto walimngoja, wengine wameshatoa ndimi nje kwa kiu.

Sinia likabaki tupu. Chiriku akasimama katikati ya mkeka, akawatazama wenzake wote. Kulikuwa na msichana mdogo nyuma kabisa, mwenye aibu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu afike. Mikono yake ilikuwa mitupu na alikuwa ameiweka mapajani. Mimi nilikuwa sijamwona.

"Mwalimu," akasema Chiriku kwa sauti ya kusikika nje. "Kimepungua kimoja. Yule hana."

Nikahesabu watoto upya. Ni kweli. Mimi niliyefundisha miaka kumi na tisa nilikuwa nimekosea, na mtoto wa siku ya kwanza ameliona. Nikaenda kabatini kuchukua kikombe kingine. Chiriku alikipokea kwa mikono miwili, akampelekea yule msichana, akakaa karibu naye.

Nilipita dirishani, nikamwona Dobi. Alikuwa amesimama, ameshika nondo za dirisha, machozi yanamtiririka na hayafuti. Mzazi mmoja aliyekuwa naye kwenye benchi alikuwa hajaona lolote, alikuwa bado kwenye mazungumzo yake.

"Mimi wangu anahesabu mpaka hamsini," alikuwa anasema. "Wako anahesabu mpaka ngapi?"

Dobi hakuyaondoa macho yake darasani.

"Wangu anahesabu mpaka kila mtoto apate," akasema.

Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati lake safi, akaaga, akaenda kazini, maana nguo za watu zilikuwa bado kwenye maji.